Jalada la Mjane wa Mwashi

Njooni wanangu, ingieni wote, na aliye karibu na mlango auache wazi, maana nataka hewa na nataka nafasi ya kusema. Nesi ameniambia nilale kimya. Nesi ni mtoto mzuri, Mungu amzidishie, lakini hajui kwamba kifuani mwangu kuna habari inayochemka kama maziwa, nisipoyaepua sasa yatamwagikia jikoni. Kifungua mimba, kaa hapa ukingoni mwa kitanda nikuone macho. Wewe binti yangu wa katikati, jifute unga usoni, mashine ilale kidogo, wateja leo watatusamehe. Na wewe kitinda mimba, acha kunipangusa jasho, sijageuka mtoto. Wala asilie mtu. Atakayelia nitamtoa nje, kwa sababu sikuwaita msibani, nimewaita mle furaha yangu ikiwa bado ya moto.

Nimemsikia bibi yangu akisema. Msitazamane hivyo, siweweseki. Bibi yangu mzaa baba, aliyekufa nikiwa bado nafungwa vitambaa vya kichwa na mama, nimemsikia juzi kwa masikio haya mabovu yaliyoharibiwa na mashine, akisema maneno yake mwenyewe mbele ya hakimu, mpaka nikacheka nikalia nikacheka tena. Sikilizeni basi nilivyofika huko, msinikatishe, na mkiona sauti inapungua mjue pumzi ndiyo inayopungua, si hamu ya kusema.

Ugomvi wetu na nyumba ya ng'ambo ya mto mmeukuta, mmeunyonya pamoja na maziwa yangu. Baba yangu na baba yangu mdogo, tumbo moja, titi moja, waligombea kiwanja hiki chenye mashine mpaka wakaonana mahakamani, mimi nikiwa mtoto wa kuchezea pumba. Siku ya hukumu baba alirudi nyumbani amekunja uso, akamwambia mama, "Yule mwenzangu kashindwa," kisha akaenda kulala mchana kweupe. Hakuongeza neno mpaka anaingia kaburini. Sisi tukapiga vigelegele. Na ng'ambo nao wakakua wakiimba kwamba wao ndio walioshinda. Kesi moja, washindi pande zote mbili, mmeona wapi? Lakini hakuna aliyeuliza, maana ugomvi wa wakubwa ukishawapa watoto upande wa kusimama, hakuna tena anayetaka kujua ulianzaje.

Tangu hapo hatukuozana, hatukuzikana. Mjomba wenu Breki, yule fundi baiskeli, mtoto wa baba yangu mdogo, tulipokutana dukani kila mmoja alimwambia muuza duka, "Mhudumie kwanza huyo, aondoke." Nyinyi mlicheka. Mimi sikucheka. Nilicheza naye yule, kabla ya kesi. Tulikuwa tukijificha pamoja ndani ya gunia moja.

Sasa wapimaji walipokuja na vyuma vyao vya miguu mitatu, wakasema kila eneo linaandikwa upya na kila mwenye dai alete uthibitisho, mnakumbuka kilichotokea. Nilitia jina langu, Breki akatia pingamizi. Nikaenda ofisi ya ardhi nikamwambia bwana ardhi kwamba shauri hili liliamuliwa zamani, baba alishinda. Breki naye alikuwa ameshasema vivyo hivyo asubuhi yake. Bwana ardhi akavua kofia, akajikuna, akasema, "Mama, 'baba aliniambia' si hati. Kama mahakama iliamua, iliandika. Nileteeni nakala ya hukumu yenye muhuri, mimi nitafuata ilivyosema. Msipoleta, eneo lenu nitaliandika lina mgogoro, na hapo hamtasaga wala kujenga mpaka wajukuu waote mvi."

Mashine isimame! Binti yangu, nilikuona ulivyoshika ukuta nilipowaletea habari hiyo.

Na wewe kifungua mimba ukakohoa kile kikohozi chako kinachotangulia maneno, ukasema, "Mama, mambo ya mahakama niachie mimi, nitaipata hiyo karatasi." Nikakushukuru. Lakini moyo wa mzee hautulii kwa ahadi. Nikasema sitaki kuletewa, nataka kuiona ilipolala. Ndipo nikawadanganya kwamba naenda kliniki, nikapanda lori la magunia.

Nilianzia mahakama yetu ndogo hapa hapa. Karani wake ni mtu mnene, mpole, ana feni isiyozunguka. Akaniuliza, "Namba ya kesi?"

"Sina namba mwanangu. Nina baba."

"Baba yako ndiye kesi?"

"Ndiye aliyeshinda."

Akacheka, akanivutia kiti. Akaniambia majalada ya zamani hayapo pale, paa liliezuliwa na upepo, yakahamishiwa mahakama ya wilaya yasilowe. Akasema ukikosa namba si mwisho wa dunia, ila lazima uende na mambo mawili, majina ya walioshitakiana na mwaka. Majina ninayo. Mwaka? Nikamwambia ni mwaka niliong'oka meno ya utoto. Akasema, "Mama yangu, rejista haina safu ya meno." Nikafikiri. Nikakumbuka kwamba baba na baba mdogo walikwenda mahakamani kwa mtumbwi, kwa sababu daraja lilikuwa limesombwa na jipya halijajengwa. Nikashuka mpaka darajani, nikainama mimi na mgongo huu, nikapangusa ukoka kwenye nguzo, na mwaka uko pale, umechongwa kwenye saruji! Nilipiga kofi peke yangu. Mpita njia mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Basi nikaenda wilayani. Masjala yao ipo mwisho wa baraza ndefu, ina dirisha la nondo na kaunta iliyochakaa pale watu wanapoegemeza viwiko, na nyuma yake rafu mpaka kwenye dari, majalada yamefungwa kamba kama kuni. Pananuka karatasi kuukuu na dawa ya panya. Aliyekuwepo ni karani wa kike, kijana, amechomeka penseli kwenye nywele. Nikamweleza. Sikumsihi, nilikuwa nimejiandaa kusihi, lakini akasema, "Mama, kumbukumbu za kesi ya madai si siri ya mtu. Una haki ya kuomba. Ila jalada halitoki kwa mdomo, linatoka kwa namba, na namba inatoka kwenye rejista." Akaniletea rejista ya mwaka ule, kitabu kizito kama tofali bichi, akaniambia nitazame upande wa wadai, yaani waliopeleka mashitaka.

Nikamtafuta baba, binti akinisomea majina. Hayumo. Mwaka uliotangulia, hayumo. Uliofuata, hayumo. Nikajiambia, basi aliyeshitaki ni baba mdogo. Nikageuka nitafute pa kukaa, na kwenye benchi la pekee lililokuwepo, kofia ya sufu mapajani, uso mrefu kama wa mtu aliyekosa treni, nani amekaa? Breki.

Benchi lenyewe fupi. Nikaketi.

"Umefuata nini?" nikamwuliza, ukutani.

"Ulichofuata wewe," akajibu, ukutani.

"Umekipata?"

"Ningekipata ningekuwa hapa?"

Kunyamaza? Mimi, mnanijua, siwezi. Nikamwambia, "Huwezi kukipata kwa sababu unatafuta kinyume. Baba yako ndiye aliyetushitaki. Tafuta jina la baba yako."

Akanigeukia mzima mzima. "Baba yangu? Jina la baba yangu nimelitafuta, halimo! Nyinyi ndio mliotushitaki sisi!"

"Sisi? Baba hakuwahi kumshitaki mtu!"

"Na sisi hatukuwahi!"

Watu barazani wakageuka. Yule binti wa masjala akachungulia kwenye nondo, akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mnagombana au mnanisaidia kazi? Kama huyu hakushitaki na yule hakushitaki, hiyo kesi ilijizaa?"

Wanangu, sikilizeni hapo. Nikamtazama Breki, Breki akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu lile gunia tulikuwa tunawaza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kama baba zetu wote walishitakiwa, basi kuna mtu wa tatu.

"Nipe tena ile rejista," nikamwambia binti. "Tunasoma upande wa wadaiwa."

Upande ule haukupangwa kwa majina, unausoma mstari kwa mstari. Mimi miwani niliiacha kwenye mashine. Breki anayo, imekatika mkono mmoja kaifunga kwa waya wa breki, lakini yeye kusoma mwandiko wa zamani ni kama kuvuka mto kwa mawe. Basi nikavaa miwani yake mimi nikasoma, naye akanishikia ule upande usio na mkono usianguke. Hebu fikirini! Mkono wa mtu wa ng'ambo sikioni kwangu, na sikuusukuma. Tukapita madai ya ng'ombe, madai ya mahari, madai ya ukuta uliomwangukia jirani, kurasa na kurasa, mpaka Breki akatumbukiza kidole chake cheusi cha grisi pale pale kwenye karatasi, na binti akapiga kelele, "Mzee, usiniguse rejista!" Akakiinua kidole, akauonyesha mstari kwa mbali.

Palikuwa pameandikwa, wadaiwa, wana wawili wa marehemu Mwashi, mkubwa na mdogo. Na mdai, Mjane wa Mwashi.

"Bibi," Breki akasema. Akakaa chini. "Bibi aliwashitaki wote wawili."

Mnajua tulivyomjua sisi bibi huyo? Mzee mdogo wa umbo, anakaa mlangoni anachambua mawe kwenye nafaka, ukimsalimu anaitika kwa kichwa. Nilidhani hakuwa na sauti. Huyo ndiye aliyevuka mto kwa mtumbwi akaenda kuwashitaki wanawe!

Namba tukawa nayo, tukaimeza kama dawa. Binti akatuelekeza, tuandike barua ya maombi, tutaje namba, tuseme sisi ni nani kwa marehemu na tunataka nakala ya nini, hukumu peke yake au na mwenendo mzima wa shauri, maana ukiomba hukumu tu utajua nani kashinda lakini hutajua nani alisema nini. Tukasema tunataka yote, hata kikohozi cha hakimu kama kiliandikwa. Tulipe ada dirishani, turudi na risiti, ndipo ataingia stoo.

Nje kwenye kivuli cha ukuta wa mahakama amekaa mpiga chapa, wanamwita Wakili wa Kivulini. Tukamwambia atuandikie barua. Aliposikia kiwanja cha mashine ya kusaga karibu na daraja, akainua nyusi, akainama karibu yangu, akasema, "Mama, mbona unahangaika na foleni? Hukumu hiyo ninayo. Kuna kijana wenu alinijia wiki iliyopita, nikamtengenezea nzuri kabisa, na muhuri. Nikikupa nyingine inatoka na jina la umtakaye."

"Kijana gani?" nikauliza, nikijua.

"Mrefu. Anakohoa kabla hajasema."

Mwanangu, usiangalie sakafu, niangalie mimi. Niliona dunia imenigeukia chini juu. Si kwa kosa lako tu. Breki alikuwa amesimama bega kwa bega nami! Alikuwa na haki ya kupiga mbiu barazani kote, polisi wapo hatua chache, na wewe leo ungekuwa unakula kwa kupanga mstari, na kiwanja angekichukua asubuhi moja bila jasho. Nilimgeukia. Na mjomba wenu akavaa kofia yake ya sufu, akaivuta mpaka masikioni, juani vile, akamwambia mpiga chapa, "Andika barua tuliyokuomba." Kisha akaniambia mimi, "Dada, mimi leo siwezi kusikia. Masikio yameziba."

Dada. Tangu utoto hakuwahi kuniita hivyo tena.

Tukapeleka barua, tukalipa, tukarudi na risiti. Mchana binti akatoka stoo ana vumbi mpaka kwenye kope, kakumbatia jalada lililofungwa kwa uzi wa katani. Nikainama kulifungua mwenyewe. Miwani nayo ikaanguka, ikapasuka kioo, ya nini tena kuficha. Binti akaona vile tulivyokuwa, akasema, "Wazee, ngojeni, nitawasomea." Akasoma kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yangu, na wenzake kule ndani wakaacha walichokuwa wakifanya.

Bibi alisema hivi. "Nina wana wawili. Mkubwa anasema kiwanja ni chake kwa sababu yeye ni mkubwa. Mdogo anasema ni chake kwa sababu alijenga banda. Mimi naiambia mahakama kiwanja ni changu, nilikinunua. Mume wangu mwashi alianguka jukwaani akijenga, akalala miaka. Nikaenda kuponda kokoto mtoni, nikauza, nikanunua. Wanangu walikuwa wadogo, walikula kokoto hizo bila kujua."

Hakimu akamwuliza, una shahidi? Akajibu, "Viganja vyangu." Na hapo, wanangu, imeandikwa kwa wino, ipo mpaka leo, "Mahakama imetazama viganja vya mdai." Binti aliposoma hivyo akasita, akatazama vyake.

Kisha hakimu akawaruhusu wadaiwa wamhoji. Baba yangu akauliza, "Mama, huoni haya kutushitaki sisi wanao?" Jibu, "Haya niliziona mlipotoana damu mbele ya watu. Hii ya leo ni dawa, na dawa haiulizi haya." Akaambiwa mdogo naye aulize. Imeandikwa, "Sina swali."

Breki alikuwa ameshaziba uso kwa kofia. Nilidhani analia. Kumbe anacheka! Mabega yanaruka. Nami nikashikwa, na binti naye, na kule ndani mtu akapiga meza. Maana tulikwisha elewa. Walishindwa wote! Wazee wetu wale wenye masharubu, waliotupa kiburi tukakirithi kama shamba, walishindwa wote wawili siku moja na mama yao! Na waliporudi nyumbani, nani atamwambia mkewe kwamba kapigwa chini na mama yake mzazi? Kila mmoja akasema, "Mwenzangu kashindwa." Wala hawakusema uongo. Walisema nusu, sisi tukaimalizia nusu ya pili wenyewe kwa vigelegele.

Na hukumu ni fupi. Kiwanja ni cha mjane. Wanawe wasikiuze wala wasikikate. Baada yake ni cha nyumba zote mbili kwa pamoja, na kilichojengwa juu yake ni cha aliyekijenga na anayekitunza.

Nipe maji. Kidogo tu. Ahaa.

Tukaenda kwa bwana ardhi pamoja, nakala ina muhuri, imefungwa utepe. Akaisoma yote, naye akacheka kwa kuficha. Kisha akauliza, kama ilivyo kazi yake, "Kuna nyaraka nyingine zozote upande wowote mnazozijua kuhusu shauri hili?" Nikamtazama Breki. Alikuwa na neno moja la kutumaliza. Akasema, "Iliyopo ni hiyo tu, mkubwa." Akaondoa pingamizi lake, nikaondoa dai langu, tukaandikwa nyumba mbili kwenye mstari mmoja. Nilipofika kwenye lori miguu ikakataa kunipandisha. Yeye ndiye aliyenibeba. Nyinyi mlipouliza nani kanileta mpaka getini nikawaambia msamaria. Ndiye huyo msamaria.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana naanza kuchoka.

Kifungua mimba, ile karatasi yako ilete. Najua iko kwenye begi lako, chini ya mashati, mama hafichwi begi. Nenda... Umerudi? Nionyeshe. Tazama muhuri wake unavyowaka kama sahani mpya. Wa kweli umefifia, lakini haukimbii mtu. Ipasue mwenyewe, mimi sina nguvu hizo. Tena. Ndogo zaidi. Basi. Nimekusamehe kabla hujakohoa. Ulitaka kuniokoa, nalijua hilo, lakini mtu haokolewi kwa kuzamishwa. Utakwenda kwa mjomba wako ukamwambie kwa kinywa chako, maana yeye aliziba masikio kwa ajili yangu, wewe ukamzibue. Na urithi wako wewe ni foleni. Usicheke, nasema kweli. Utakwenda kwenye dirisha lile la nondo, utoe namba, uandike barua kwa jina lako halali, ulipe, uketi kwenye benchi lile fupi usubiri, uombe nakala kwa ajili ya kila mtoto wa nyumba hizi mbili. Ile moja niliyopata nimempa Breki ailaze kwake kwanza. Ndiyo, nimempa. Mnashangaa nini?

Binti yangu, mashine ni yako. Hukumu imesema, anayeitunza. Na wa ng'ambo wakileta nafaka yao usiwaweke nyuma ya wengine, wala mbele. Waweke walipofika. Kitinda mimba, nyumba hii na vilivyomo, na huyo mbwa mvivu, ni vyako, ila chumba cha uani ni cha yeyote kati yenu atakayeachwa au kuachika, bila kuulizwa maswali. Sidaiwi fedha na mtu. Nadaiwa salamu nyingi. Nilipieni. Nendeni ng'ambo mkasalimie mpaka wachoke.

Na huko mbele mkikosana, maana mtakosana, damu haiishi kelele, msiseme "baba alisema, mama alisema." Ulizeni, iliandikwa wapi? Kisha inukeni mkatafute, kwa jina na kwa mwaka, na mkikosa upande mmoja wa kitabu geuzeni upande wa pili. Waliotutangulia hawakuwa mabubu. Ni sisi hatukwenda kuwaomba maneno yao.

Mazishi yangu... msiyacheleweshe kwa kusubiri wa mbali. Kaburi lichimbwe na nyumba zote mbili. Jembe moja wapokezane.

Nipeni mikono. Yote. Huu wa nani, una unga? Wako. Mungu awape... awape chakula kisichowatoa macho kwa tamaa, na ndugu wa kuwaambia ukweli. Mkisema, msikilizwe. Mkinyamaza, msidhaniwe wajinga. Watoto wenu wawazidi, na msiwaonee wivu. Mgongo wenu usi... usiinamishwe na mtu, ila na kazi. Amina. Semeni amina, kwa nguvu, sisikii.

Mbwa anabweka. Kuna watu njiani? Ni wa ng'ambo? Nilimwita Breki aje na watu wake wote, nilisahau kuwaambia... au sikusahau. Ni wengi? Wako wangapi hao... kaka yangu kazaa kweli kweli. Msiwaulize wamefuata nini. Wapisheni.

Viti havitoshi? Wakae basi hapa kitandani, wakae na mimi. Nafasi ipo.

Ninasogea.